Sura ya Tisa: Kwa Nini Mzee wa Piano Alirudi Kwenye Bluzi

Ukikaa na watu wanaopenda muziki Mpwapwa, wawe walimu wa kwaya au vijana wanaopiga kinanda kanisani, swali hili halikawii kuja: mbona zeze la Wagogo linasikika kama bluzi ya Wamarekani weusi? Anayeuliza huwa hajasoma popote. Amesikia tu wimbo redioni, akakumbuka sauti aliyoisikia kwa babu yake. Baada ya hapo huja swali la pili, ambalo huulizwa kwa fahari kidogo: kwa hiyo bluzi ilitoka kwetu?

Nitayajibu yote mawili, ila nitapitia maisha ya mtu mmoja. Anaitwa Randy Weston, mpiga piano wa jazi, aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1926 na kufariki hapohapo mwaka 2018 akiwa na miaka 92. Weston alipanda ngazi zote za jazi, na uzeeni, wakati wenzake wengi walikuwa wanapokea tuzo na kupumzika, akarudi kwenye bluzi, yaani pale alipoanzia kazi. Sababu ya kurudi kwake ndiyo itakayotusaidia kulielewa zeze letu.

Tuelewane kwanza

Bluzi ni muziki uliozaliwa kusini mwa Marekani katika miongo iliyofuata kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1865. Waliouanzisha ni watu weusi waliobaki kulima pamba kwenye mashamba yasiyo yao, kujenga reli na kutumikia vifungo. Mara nyingi ulikuwa wa mtu mmoja na gitaa lake.

Jazi ilifuata baadaye kidogo. Ilikomaa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, ikaichukua bluzi na kuitia tarumbeta, piano na ngoma, na ikaweka mbele ufundi wa kubuni: mpigaji anaunda wimbo papo hapo, mbele ya wasikilizaji, bila kuuandika kwanza.

Hapa msomaji wa Tanzania anahitaji tahadhari moja. Bendi zetu za zamani, Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, zilibeba jina hilo, lakini zilichopiga ni muziki wa dansi wenye rumba ndani yake. Jina lilimaanisha bendi ya kisasa yenye vyombo vya kizungu. Kwa hiyo nikisema jazi katika sura hii, sizungumzii muziki wa Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz.

Bluzi ina umbo ambalo mwanakwaya yeyote anaweza kulishika leo jioni. Chukua kodi tatu za kinanda, yaani noti kadhaa zinazobonyezwa kwa pamoja: ya do, ya fa na ya so. Ni zilezile zinazobeba mapambio mengi ya kanisani. Halafu hesabu vipimo 12, kila kimoja kikiwa na mapigo 4:

- vipimo 4 kwenye do
- vipimo 2 kwenye fa, kisha 2 kwenye do
- kimoja kwenye so, kimoja kwenye fa, na 2 vya mwisho kwenye do

Mapigo 48, kisha unaanza upya. Juu yake mwimbaji anaimba mstari mmoja, anaurudia, kisha anaujibu kwa mstari wa tatu. Kila anapovuta pumzi, gitaa au piano inamwitikia. Mtu aliyekulia Ugogo hahitaji kufundishwa jambo hilo, maana nyimbo zetu nyingi zinakwenda hivyohivyo: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia.

Kwa ufupi: bluzi ina umbo dogo lisilobadilika, na jazi ilijengwa juu yake.

Kijana aliyeanzia chini

Baba yake Weston, mtu mwenye asili ya Jamaika na Panama, alikuwa na mgahawa, na alimlea mwanawe akimwambia kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Mama alitoka jimbo la Virginia, kusini. Kijana akapelekwa kujifunza piano, akarefuka hadi kupita mita 2, na mikono yake ikawa mikubwa kiasi kwamba vitufe vilivyo mbali kwa wengine kwake vilikuwa karibu.

Baada ya kutumikia jeshi katika Vita Kuu ya Pili, alipata kazi kwenye bendi za bluzi za kuchezesha watu. Alipiga na Bull Moose Jackson, na alipiga na Eddie Vinson, mwimbaji na mpuliza saksofoni aliyejulikana kwa jina la Cleanhead kwa sababu ya kichwa chake chenye upara. Tulikumbuke jina hilo, tutalihitaji mbele. Katika bendi kama hizo mpiga piano hana nafasi ya kujionyesha. Kazi yake ni kuhakikisha mapigo hayatetereki na mwimbaji haachwi peke yake.

Mwaka 1954 akarekodi albamu yake ya kwanza, ya nyimbo za mtunzi wa Broadway, Cole Porter. Mwaka uliofuata jarida la DownBeat likamtaja kama nyota mpya wa piano. Kuanzia hapo alihesabiwa kuwa mtu wa jazi, na bluzi ikabaki nyuma kama kazi ya ujana.

Kiswahili ndani ya studio ya New York

Mwezi Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, Weston aliingia studio na kundi kubwa la wanamuziki kurekodi kazi iitwayo Uhuru Afrika. Mipango ya muziki, yaani kuamua kila chombo kipige nini, ilifanywa na Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni ambaye nitamtaja tena. Mashairi yaliandikwa na Langston Hughes.

Weston alitaka lugha ya Kiafrika isikike kabla ya chombo chochote. Aliwauliza wanadiplomasia wa Kiafrika kwenye Umoja wa Mataifa ni lugha gani inayofaa kuwakilisha bara, nao wakampa jibu la Kiswahili. Anayefungua albamu hiyo kwa kusoma maneno ya uhuru kwa lugha yetu ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru. Ilibaki takriban mwaka mzima.

Sehemu ya mwisho ya kazi hiyo inaitwa "Kucheza Blues". Naomba tusipite haraka hapa. Mtu aliyetaka kuutangazia ulimwengu uhuru wa Afrika, akiwa na Max Roach kwenye ngoma, Babatunde Olatunji, Yusef Lateef, Freddie Hubbard na wengine wa daraja hilo, angeweza kumalizia kwa sauti za ushindi na matarumbeta. Yeye alimalizia kwa bluzi, akaipa jina ambalo nusu yake ni Kiswahili. Kwa maoni yangu kila alichokifanya miaka 50 iliyofuata kimo ndani ya jina hilo. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini nayo iliielewa albamu vizuri, ikaipiga marufuku mwaka 1964.

Njia ndefu kupitia Afrika

Weston alikwenda Lagos mwaka 1961 na tena 1963. Mwaka 1967 akazunguka nchi 14 za magharibi na kaskazini mwa Afrika kwa ziara iliyolipiwa na serikali ya Marekani. Ziara ikaishia Morocco. Akahamia huko, na mjini Tangier akafungua klabu ya muziki.

Huko alikutana na Wagnawa. Hawa ni jamii ya watu weusi wa Morocco, ambao wengi wao ni wazao wa watumwa waliovushwa jangwa la Sahara kutoka kusini. Chombo chao kikuu ni gimbri, chenye nyuzi tatu na tumbo lililowambwa ngozi, kinachotoa sauti nene kama besi. Wanapiga usiku kucha, muziki ukiwa sehemu ya tiba na ibada. Weston alisikia ndani ya gimbri ule mwendo aliokuwa akiusikia kwa wapiga besi wa Marekani, na kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba bluzi haikuanzia kwenye pamba.

Jambo moja linatugusa watu wa Dodoma. Mwanzoni mwa mwaka 1977 tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC, lilifanyika Lagos. Randy Weston alikuwapo. Tanzania nayo ilipeleka bendi ya Afro 70 ikiongozwa na Patrick Balisidya, mzaliwa wa mkoa wa Dodoma, mtu wa gitaa na sauti ambaye wimbo wake wa "Harusi" bado unapigwa kwenye sherehe zetu. Mpiga piano wa Brooklyn aliyekuwa akiitafuta Afrika na kijana wa Ugogo aliyekuwa akiiongoza bendi ya kisasa walikuwa kwenye mji mmoja, kwenye tamasha moja.

Kurudi

Mwaka 1993, akiwa na miaka 67, Weston akatoa albamu ya Volcano Blues. Jina la Melba Liston limewekwa sambamba na lake, na ni haki yake. Liston alikuwa amepata kiharusi mwaka 1985, hawezi tena kupiga tromboni, na alipanga muziki huo kwa kutumia kompyuta. Weston pia alimwalika Johnny Copeland, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi kutoka Texas. Wanamuziki wa jazi mara nyingi hutumia bluzi kama mahali pa kuanzia safari ya mbali. Hapa bluzi ndiyo ilikuwa mwenye nyumba.

Halafu ikaja albamu ambayo kwangu ndiyo kilele. Ilitoka mwaka 2013, Weston akiwa na miaka 87, na inaitwa The Roots of the Blues, yaani mizizi ya bluzi. Wapigaji ni wawili tu: yeye kwenye piano na Billy Harper kwenye saksofoni, Mtexas aliyeanza kupiga naye tangu miaka ya 1970. Hakuna besi wala ngoma. Ukitazama orodha ya nyimbo utakuta bluzi zilizopelekwa Senegal, nyingine Afrika kwa ujumla, wimbo wa watoto wa Kongo, Timbuktu na mto Nile. Katikati yake kuna wimbo uitwao "Cleanhead Blues".

Ndiyo, ni yule Eddie Vinson mwenye upara, bosi wa enzi za ujana. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita. Weston alikwishasimama kwenye majukwaa ya mabara yote makubwa ya muziki, na mwaka 2001 alikwishapewa na taifa lake heshima ya juu kabisa inayotolewa kwa mwanajazi. Bado aliona ana deni kwa mwimbaji wa bluzi aliyemfundisha kutunza mapigo.

Je, ni uchovu wa uzee?

Wapo wanaosema mzee hurudi kwenye mambo mepesi kwa sababu vidole vimechoka. Ni kweli vidole huchoka. Mpigaji wa miaka 87 hakimbizi noti kama wa miaka 30, na kwenye albamu hiyo utasikia nafasi ndefu za kimya kati ya sauti na sauti.

Lakini mtu anayekwepa kazi hangeondoa besi na ngoma. Bendi yenye vyombo hivyo humbeba mpiga piano: akisita, mapigo yanaendelea, na akikosea, kosa linamezwa. Weston aliviondoa vyote, mkono wake wa kushoto ukalazimika kuwa besi na ngoma kwa wakati mmoja huku wa kulia ukizungumza na saksofoni. Na alifanya hivyo ndani ya bluzi, ambayo haina mafumbo ya kodi unayoweza kujificha nyuma yake. Mpishi hupimwa kwa wali mweupe. Kodi tatu na vipimo 12 vinajulikana na kila mtu, hivyo msikilizaji anabaki na swali moja tu: huyu ana la kusema au hana?

Na hakuwa peke yake. Mary Lou Williams, mpiga piano aliyezaliwa mwaka 1910 na aliyepitia kila mtindo wa jazi uliotokea maishani mwake, alipanda jukwaa la Montreux, Uswisi, mwaka 1978 akiwa peke yake na piano, akaanza na nyimbo za kiroho za watumwa na bluzi ya kizamani. Hank Jones, naye akiwa amevuka miaka 75, alirekodi na mpiga besi Charlie Haden albamu nzima ya tenzi na nyimbo za kiroho, iliyotoka mwaka 1995. Watu hawa watatu hawakukosa uwezo wa kupiga mambo magumu, maana mambo hayo walikwishayapiga. Walichokitaka uzeeni kilikuwa kigumu kwa namna nyingine.

Kwa ufupi: kurudi kwenye bluzi kulimwongezea Weston kazi, hakukumpunguzia.

Noti ambayo piano haina

Sasa tuje Ugogo, kwa sababu kuna jambo moja ambalo Weston alihangaika nalo maisha yote na ambalo fundi wa kijijini wa ilimba, chombo chetu cha kupigwa kwa vidole gumba, amelimaliza zamani.

Shika uzi wowote uliokazwa, wa zeze au wa gitaa, uupige. Unasikia noti moja, lakini ndani yake kuna nyingine nyingi. Uzi unatikisika wote kwa pamoja, na papo hapo unatikisika kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, na kuendelea. Kila mtikisiko unatoa sauti yake ndogo ya juu zaidi. Tuziite sauti za ndani, na tuzipe namba. Ya 1 ni uzi mzima. Tukiiita hiyo do, ya 2 ni do ya juu, ya 3 ni so, ya 4 ni do tena, ya 5 ni mi, ya 6 ni so. Mpaka hapo mwalimu wa kwaya ametulia.

Ya 7 ndiyo inayoleta kesi. Iko karibu na ile noti ambayo wanakwaya huiita ta, yaani ti iliyoshushwa, lakini iko chini yake. Piano imeigawa oktavu, yaani umbali kutoka do hadi do inayofuata, katika hatua 12 zinazolingana, na wataalamu wameigawa kila hatua katika visehemu 100 viitwavyo senti. Sauti ya 7 iko senti 31 chini ya ta ya piano, karibu theluthi ya hatua. Hakuna kitufe chake. Ukibonyeza ta uko juu mno, ukibonyeza kitufe kinachofuata chini umepitiliza.

Mwimbaji wa bluzi hana shida hiyo, koo lake linashuka linapotaka. Mpiga gitaa anauvuta uzi kwa kidole, au anateleza juu yake kwa chupa. Mpiga piano amefungwa. Ndiyo maana wapiga piano wa bluzi wakabuni hila: kuteleza kutoka kitufe cheusi hadi cheupe kwa kidole kilekile, au kuvibonyeza viwili vilivyokaribiana kwa pamoja ili sikio litafute lenyewe noti iliyo katikati yake. Weston alizitumia zote, na akaongeza yake. Alipenda kukaa chini kabisa, upande wa nyuzi nene, huku mguu umekanyaga kikanyagio kinachoziacha nyuzi zote wazi. Ukipiga noti nene namna hiyo, nyuzi nyingine ambazo hukuzigusa zinaanza kuimba zenyewe, na sauti za ndani zinaamka. Alichokosa kwenye vitufe alikitafuta ndani ya mngurumo.

Wagogo walijenga muziki wao juu ya sauti hizohizo za ndani. Wataalamu waliorekodi na kupima nyimbo zetu wamekuta kwamba ngazi ya noti za Cigogo inafuata sauti za ndani kati ya ya 4 na ya 10, na kiini chake ni noti tano: ya 6, ya 7, ya 8, ya 9 na ya 10. Kwa lugha ya kwaya ni so, ta, do, re, mi, ila ta ni ile ya chini, ile ambayo piano haina. Kwa Wagogo noti hiyo ni ya kawaida kabisa. Hata wanawake wakiimba sauti kadhaa kwa pamoja huku wakipiga ngoma za muheme, wanaishukia pale ilipo bila mtu kuwaelekeza.

Ukiitazama ilimba kwa karibu utaona jinsi inavyofanyika. Juu ya sanduku la mbao kuna safu za vipande bapa vya chuma, vimebanwa upande mmoja na upande mwingine uko huru kwa ajili ya vidole gumba. Fundi akitaka noti ishuke, anakigonga kipande taratibu ili kitoke nje zaidi, kwa sababu chuma kirefu kinatikisika polepole. Akitaka ipande anakirudisha ndani. Anagonga, anasikiliza, anagonga tena, na anasimama sikio linaporidhika. Vipande vingine havipigwi kabisa. Vimewekwa ili vitikisike vyenyewe vya jirani vinapopigwa, kazi ileile ambayo Weston aliitafuta kwa kikanyagio cha piano. Na kwenye tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui, unaotia mkwaruzo kwenye sauti. Mgeni anaweza kudhani chombo kimeharibika. Sisi bila mkwaruzo huo tunaona ilimba haijakamilika, na mpenzi wa bluzi anayelipenda koo lenye mikwaruzo atatuelewa.

Kwa hiyo bluzi ilitoka Ugogo?

Hapana. Nalisema waziwazi, kwa sababu fahari isiyo na msingi haiwasaidii vijana wetu.

Watu waliopelekwa kwenye mashamba ya kusini mwa Marekani walitoka kwa wingi Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola. Mpwapwa ilikuwa kituo kikubwa cha misafara, mahali pa kunywa maji na kupumzika kabla ya kulivuka pori kavu la Marenga Mkali kuelekea Ugogo. Lakini misafara iliyoshuka pwani ilielekea Bagamoyo, na pembe na watumwa waliovuka bahari walivuka zaidi kuelekea Zanzibar na Bahari ya Hindi. Wanaotafuta ndugu wa karibu wa bluzi huelekea Mali na Senegal. Msikilize Ali Farka Touré wa Mali utaelewa kwa nini.

Undugu wetu na bluzi ni wa aina nyingine, na mimi nauona kuwa mzuri zaidi. Watu wawili waliokaa mbali, wasiojuana, waliusikiliza uzi mmoja kwa makini, na wote wakaikubali sauti ya 7 badala ya kuisahihisha. Ala na shule za Ulaya ziliisahihisha. Hivyo mtu wa Mpwapwa anaposikia bluzi na kumkumbuka babu yake, sikio lake halidanganyi. Limeitambua noti. Nasaba haihitajiki.

Kijana mwenye kinanda

Hapa ndipo roho yangu ilipo. Kijana wa Mpwapwa mwenye kipaji hufundishwa kwamba kupanda ni kuondoka kwenye Cigogo. Anaanza na do-re-mi, anahamia kinanda, anajifunza kodi za nyimbo za Kongo na za Afrika Kusini, na kadiri anavyosifiwa ndivyo zeze linavyobaki la wazee na wageni wenye kamera. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma aliyefariki mwaka 2003, alilipeleka zeze hadi kwenye majukwaa ya Ulaya bila kuliacha. Aliliongezea nyuzi na akarekodi kwa kampuni ya Real World ya Uingereza. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wa ukoo huohuo, walitoa kwa kampuni hiyohiyo albamu ya Maisha wakiwa na jina la The Zawose Queens. Na Chamwino kwa miaka mingi kumekuwa na tamasha la muziki wa Cigogo. Lakini bado sijaona mpiga kinanda wetu akikaa mbele ya vitufe na kuchukulia ngazi ya Wagogo kama mtihani mkubwa, kama Weston alivyoichukulia bluzi.

Na siku hizi hana kifungo alichokuwa nacho Weston. Vinanda vingi vya umeme vya daraja la kati vina sehemu ya kurekebisha noti moja moja kwa senti. Kama chako kinayo, weka do kwenye C, kisha fanya hivi:

- shusha B bemoli kwa senti 31
- shusha E kwa senti 14
- pandisha D kwa senti 4 na G kwa senti 2
- C iache ilivyo

Sasa piga noti hizo tano tu: G, B bemoli, C, D, E. Chagua sauti ya kinanda isiyotetemeka, ili usikie vizuri. Kwa dakika chache za kwanza sikio lililozoea kwaya litakuambia kinanda kimeharibika. Vumilia. Ukishazoea, piga vile vipimo 12 vya bluzi kwa mkono wa kushoto, do na fa na so ukizigusa kwa noti moja moja za besi bila kodi nzima, na mkono wa kulia ubaki kwenye zile tano.

Kisha kibebe kinanda chako umfuate mzee mwenye ilimba. Mwombe apige kwanza, wewe umfuate. Namba nilizokupa ni za vitabuni, na mzee hakuiweka ilimba yake kwa namba, kwa hiyo mtapishana kidogo. Mkipishana, rekebisha kinanda. Ilimba yake usiiguse.